TAHADHARI: "Zirkonia" ya laki na nusu inayouzwa Arusha na Moshi ni plastiki

Ndugu zangu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, hasa tuliokulia maji ya Meru na meno yetu ya kahawia, someni hili kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna jamaa anajitangaza Instagram na kwenye stetasi za WhatsApp kwamba anavisha meno kofia (ganda la kufunika jino zima) za zirkonia, yaani kauri nyeupe ngumu sana, "orijino kutoka Ujerumani": laki na nusu kwa jino, garantii ya maisha, unaingia asubuhi mchana unacheka. Hana kliniki. Anakufuata nyumbani, au anakupangia chumba cha gesti, au anakaa chumba cha nyuma cha saluni. Nusu ya hela unatuma kwa simu kabla hajaja, nusu unamalizia ukiwa kitini, mdomo una ganzi. Jina la ukurasa siliandiki kwa sababu ameshalibadilisha na atalibadilisha tena. Afadhali mjue kazi yake inavyofanana.

Mimi ni fundi wa maabara ya meno. Sitibu mtu. Daktari anachonga jino, anachukua vipimo, ananiletea, mimi natengeneza kofia. Kazi za huyu bwana zinanifikia zikiwa zimeshavunjika, madaktari wanapokuja kuuliza hiki ni kitu gani. Ya mwisho ilikuwa ya dada mmoja, meno sita ya mbele juu, amelipa laki tisa. Kilichotolewa mdomoni mwake ni kipande kimoja. Meno yote sita yameungana, hakuna hata upenyo wa kupitisha uzi. Kingo zimekaa juu ya fizi kwa unene wa ukucha, na ndani kumejaa gundi iliyogeuka njano na chakula kilichooza. Nikakikwaruza kwa kisu cha maabara, kikamenyeka vipande vyembamba. Zirkonia haimenywi kwa kisu, hata ukae nayo mpaka jioni. Kilichoniuma zaidi ni meno yenyewe chini yake: yalikuwa mazima, hayana tundu hata moja, yana madoa tu, naye kayachonga yote mpaka yamebaki vijiti. Gamba la jino likishaondolewa halioti tena. Yule dada atavaa kofia maisha yake yote.

Anachotumia ni akriliki, aina ya plastiki, ya unga na kimiminika chake. Unachanganya, inaganda ndani ya dakika chache huku ikipata joto, na inatoa harufu kali, ileile ya saluni ya kucha bandia. Ukiisikia harufu hiyo na mtu anakuambia ni zirkonia, inuka uondoke. Akriliki si kitu kibaya. Sisi wenyewe tunaitumia kwa kofia za muda, mgonjwa akae nazo wiki mbili tatu akisubiri za kudumu. Lakini inakunywa rangi ya chai, inalika, inavunjika. Kuiuza kama kofia ya kudumu ni wizi.

Zirkonia ya kweli inakuja kama kisahani cheupe. Mashine inakichonga kikiwa bado laini, kofia ikiwa kubwa kuliko saizi yake kwa takriban asilimia 20 hadi 25, halafu inaingia kwenye tanuri la nyuzi joto karibu 1,500, inasinyaa na kukomaa. Kwa kawaida hilo tanuri peke yake linachukua saa kadhaa. Zipo mashine za kisasa zinazomaliza kazi siku moja ndani ya kliniki, sikatai, ila hazibebwi kwenye begi la mgongoni.

Kuna tapeli wa pili, huyu ana kliniki kabisa, na ujanja wake ni mwingine. Anakutoza bei ya zirkonia, anakuvisha kofia ya chuma iliyopakwa kauri. Hii si takataka. Imetumika kwa miongo mingi, magego inayamudu vizuri, na kama umeambiwa ukweli na bei ni yake, vaa bila wasiwasi. Tatizo ni kuuziwa kwa jina la nyingine. Fizi zikishuka kidogo baada ya miaka, mstari wa kijivu unachungulia, na kauri ya juu inaweza kubanduka ukabaki na chuma kinachoonekana. Halafu chuma chenyewe mara nyingi kina nikeli, metali inayowawasha baadhi ya watu. Kama hereni za bei rahisi zinakuwasha masikio, unayo haki ya kujua kabla hicho kitu hakijagandishwa mdomoni.

Watu wananiuliza basi ipi nzuri. Kwa gego, hasa kama unasaga meno usiku, mimi ningechukua zirkonia imara ya kawaida. Nyeupe yake imekufa kidogo, haipitishi mwanga kama jino halisi, lakini nani anakuchungulia huko nyuma? Kwa meno ya mbele, lithiamu disiliketi, kauri ya jamii ya kioo, inapendeza zaidi kwa sababu mwanga unaingia ndani yake. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya zirkonia, ila mbele inatosha. Zirkonia mpya zinazong'aa zipo kati ya hizo mbili: ili ipitishe mwanga, imepunguziwa nguvu. Kwa hiyo anayekuambia yake inang'aa kuliko zote na ni ngumu kuliko zote, hajui anachouza au anajua sana. Dhahabu watu wanaidharau bure, inadumu mno na haili jino linaloumana nayo, ila rangi ndiyo hiyo. Kofia iliyotengenezwa na kuvishwa vizuri, ya chuma na kauri au ya kauri tupu, kwa kawaida inapita miaka mitano bila shida, na nyingi zinapita kumi. Garantii ya maisha hakuna fundi mwenye akili atakayeisaini.

Sasa namna ya kukagua. Sema mapema, kabla ya kulipa, kwamba unataka kuishika kofia mkononi kabla haijagandishwa. Daktari wa kweli hashangai, kwani hata yeye lazima aijaribishe kwanza. Geuza uangalie ndani. Zirkonia ni nyeupe ndani na nje. Ukiona kijivu kinachong'aa, hicho ni chuma. Pima uzito kiganjani: zirkonia ina uzito wa kama mara tano ya akriliki ya ukubwa uleule, huhitaji mizani kuhisi. Kisha omba karatasi ya maabara inayotaja malighafi, uipige picha. Kwa aliyekwisha kuvishwa na ana mashaka, piga eksirei: chuma na zirkonia vinatokea vyeupe kabisa, akriliki karibu haionekani.

Na wenzangu wa meno ya kahawia, madoa yetu yametokana na floridi iliyozidi kwenye maji tulipokuwa wadogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya mito na visima vyetu vinapita hapo mbali sana. Jino la namna hiyo mara nyingi halihitaji kofia. Madoa mepesi yanasuguliwa juujuu na kung'arishwa, mazito yanafunikwa kwa tabaka jembamba upande wa mbele tu. Anayeanza na kuchonga jino zima pande zote bila kukutajia njia hizo, anatafuta hela.

Yeyote anayekutibu meno anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Uliza jina lake kamili, ulitafute kwenye orodha yao. Kama umeshatapeliwa, malalamiko yapeleke hukohuko na polisi, ukiwa na meseji za muamala, picha za matangazo na hicho kipande chenyewe. Usikitupe.

Kama bado umekivaa, usikivute kwa koleo nyumbani. Kuna mmoja alifanya hivyo, jino likatoka na kipande. Nenda kwa daktari wa meno akikate taratibu, na umwambie mapema ni akriliki iliyogandishwa kwa gundi isiyojulikana, ili asitumie nguvu.