Exablate ya kilohezi 220: mlango unafunguka, dawa je?

Waliozoea Exablate Neuro, mashine ya Insightec inayolenga mawimbi ya sauti ndani ya ubongo, katika kutibu mtetemeko wa mikono wanaijua ile ya masafa ya kilohezi 650, inayochoma tishu. Hii ya 220 haichomi kitu. Hulegeza kwa muda kizuizi kati ya damu na ubongo ili dawa ipite, na kwa kazi hiyo bado ni chombo cha utafiti.

Kofia yake ina vyanzo 1,024 vya mawimbi, na mgonjwa hulala nayo ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku. Kichwa hunyolewa kipara kwa sababu nywele hushika hewa, na hewa hurudisha mawimbi. Maji yanayozunguka kati ya fuvu na kofia nayo huondolewa gesi kwanza. Masafa ya chini hupenya mfupa vizuri, ila wimbi lake majini lina urefu wa karibu milimita 7. Usitarajie ncha ya sindano.

Kazi hasa hufanywa na viputo. Definity, dawa yenye viputo vidogo vya gesi, hutikiswa kwenye mashine yake sekunde 45, kisha huingizwa mshipani. Viputo vikipigwa na mawimbi hutanuka na kusinyaa, vikisukuma kuta za kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, hadi viungio vya seli zake viachie. Nguvu ikizidi, hupasuka kwa kishindo na damu huvuja vitone. Ikipungua, hakuna kinachofunguka. Dripu ya taratibu ni bora kuliko kusukuma yote kwa mkupuo, kwani mkupuo hupanda na kushuka upesi. Hapa Exablate inastahili sifa: husikiliza mwangwi wa viputo na kurekebisha nguvu yenyewe.

Udhaifu uko kwenye namna ya kupima kama mlango umefunguka. Gadolini, kiowevu cha kung'arisha picha za MRI, ikimeremeta pichani, watu hupongezana. Lakini gadolini ni molekuli ndogo. Dawa za kingamwili huizidi uzito zaidi ya mara mia. Mlango hufungwa ndani ya saa 24 hivi, na kwa molekuli kubwa hufungwa mapema zaidi, kwa hiyo dawa ikichelewa inabaki nje.

Matokeo ya West Virginia, Marekani, Januari 2024, yanavutia: aducanumab, kingamwili ya kutibu Alzheimer, kwa miezi 6, na plaki za amiloidi (marundo ya protini ya ugonjwa huo ubongoni) zikapungua wastani wa 32% zaidi upande uliopigwa mawimbi. Wagonjwa walikuwa 3 tu, na mwezi huohuo Biogen ikatangaza kuiacha dawa yenyewe.

SonoCloud-9 ya Carthera, kifaa kingine cha mawimbi ya kufungua kizuizi hicho, hukwepa kofia na MRI wakati wa kufungua, na humaliza kwa dakika chache. Bei yake ni upasuaji wa kuipandikiza kwenye fuvu: mgonjwa wa uvimbe wa ubongo tayari yuko mezani, wa Alzheimer hayuko.