Tuzo Isiyokaa Mkononi: Mapitio ya Tuzo ya Aurora

Miaka michache iliyopita niliketi katika kamati ya wahitimu iliyopewa kazi ya kumuenzi daktari mstaafu wa kundi letu la chuo, na baada ya vikao vitano na michango iliyopatikana kwa kukumbushana sana, tulimkabidhi ngao ya kioo ambayo fundi wa kuchonga maandishi alikuwa amelikosea jina la baba yake. Mzee wetu aliipokea kwa tabasamu, akalishwa keki, akapigwa picha na mgeni rasmi, kisha akarudi katika zahanati anakojitolea siku tatu kwa wiki, ambako hakukuwa kumeongezeka hata boksi moja la glavu. Tangu siku hiyo hutazama tuzo kama mnunuzi anavyotazama bidhaa dukani: inafanya kazi gani, na inadumu kwa muda gani shangwe zikiisha. Tuzo ya Aurora, tuzo ya kimataifa ya watu wanaohatarisha maisha yao ili kuwaokoa wengine, ndiyo niliyoifuatilia zaidi, hasa kupitia kwa mtu aliyeipata mwaka 2017, Dkt. Tom Catena.

Catena ni Mmarekani aliyehitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1986, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Duke, na kuhudumu kama daktari katika jeshi la majini la nchi yake. Wasomaji wa Kenya wana sababu ya kumhesabu kuwa mwenyeji wao kwa namna fulani, kwa kuwa alianza kujitolea katika hospitali ya misheni ya Mutomo, Kitui, kisha akafanya kazi katika Hospitali ya Misheni ya St. Mary's jijini Nairobi, kabla ya kwenda Gidel katika Milima ya Nuba, Sudan, kusaidia kuianzisha Hospitali ya Mother of Mercy mwaka 2008. Vita vilipolipuka huko mwezi Juni 2011 na wageni wengi wakaondolewa, yeye alibaki, na kwa miaka mingi akawa ndiye daktari pekee wa kudumu katika hospitali yenye vitanda zaidi ya 400, akipasua, akizalisha, akitibu utapiamlo na majeraha ya mabomu. Mwaka 2014 ndege za kivita ziliishambulia hospitali yenyewe.

Sasa, mtu wa namna hiyo unampa nini? Ngao haimfai, maana hana ukuta wa kuitundika wala muda wa kuifuta vumbi. Aurora, iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa kumbukumbu ya manusura wa mauaji ya kimbari ya Waarmenia yaliyoanza mwaka 1915 katika dola ya Uthmaniyya, na kwa kuwashukuru waliowaokoa, imelijibu swali hili kwa ustadi ninaoukubali. Katika dola 1,100,000 zilizotolewa wakati huo, 100,000 zilikuwa za mshindi, na 1,000,000 zilipaswa kwenda kwa mashirika aliyoyachagua yeye mwenyewe. Waarmenia waliookolewa na wageni wanalipa wema huo kwa kuupitisha mbele, na anayeheshimiwa analazimika naye kuupitisha, hata akitaka kujificha. Heshima inageuka dawa, nyuzi za kushonea na mishahara ya wauguzi. Katika wasaa mmoja nilitabasamu kidogo nilipogundua kwamba miongoni mwa waasisi watatu wa tuzo hii alikuwamo Vartan Gregorian, aliyepata kuwa rais wa Brown, ingawa alikabidhiwa chuo hicho mwaka 1989, miaka mitatu baada ya Catena kuondoka.

Jambo la pili lililonifurahisha ni kwamba majina hayatupwi. Miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho mwaka 2017 alikuwamo Dkt. Denis Mukwege, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Burundi na mwasisi wa Hospitali ya Panzi, Bukavu, na pia Jamila Afghani wa Afghanistan. Afghani alipewa tuzo mwaka 2022, na Mukwege mwaka 2024, akiwa tayari na Nobeli ya Amani ya mwaka 2018. Sisi katika kamati zetu ndogo, jina likikosa mara moja huzikwa pamoja na kumbukumbu za kikao. Wala eneo letu halijasahauliwa: mshindi wa kwanza kabisa, mwaka 2016, alikuwa Marguerite Barankitse wa Burundi, na mwaka 2021 ilikuwa zamu ya Julienne Lusenge wa Kongo.

Hata hivyo siwezi kuipa alama zote. Mashirika matatu aliyoyachagua Catena yana makao yake Marekani na Ujerumani, na ingawa najua kwamba yanazisaidia hospitali za Afrika, ningependa masharti yadai sehemu ya fedha iende moja kwa moja kwa taasisi inayosomesha wauguzi na matabibu wa eneo husika, kwa kuwa hao ndio watakaobaki mgeni akizeeka. Pia tuzo inamtaja mtu mmoja, ilhali chumba cha upasuaji hakiendeshwi na mtu mmoja. Wanuba walioshika taa na kufunga vidonda chini ya ndege hawakuonekana jukwaani Yerevan, mji mkuu wa Armenia, alikokabidhiwa tuzo. Na sherehe ya mbali ina gharama ambayo waandaaji hawailipi: kila siku daktari pekee anapokuwa safarini, kuna mgonjwa wa henia au mama mwenye uchungu uliokwama anayemngoja.

Kinachoniridhisha zaidi ni kile ambacho wauzaji wa majokofu hukiita huduma baada ya mauzo. Mwaka 2018 Catena alifanywa mwenyekiti wa taasisi ya Aurora, na hivyo mtu aliyeheshimiwa kwa kazi ya chini kabisa kwenye kitanda cha mgonjwa akapewa kiti cha juu bila kulazimika kuhama Gidel. Nimeinukuu hoja hiyo katika barua niliyoiandikia kamati yetu juzi, nikiomba mzee wetu awekwe kwenye bodi ya mfuko wa zahanati na michango ya safari hii inunue glavu. Ngao, kama lazima iwepo, mimi mwenyewe nitaliandika jina kwa herufi kubwa na kumsimamia fundi.