Sudoku kwenye kompyuta: uzoefu wangu na Solo

Kama unatafuta Sudoku (lile fumbo la kujaza 1 hadi 9 bila namba kujirudia kwenye mstari wala kwenye kijumba cha 3 kwa 3) yenye muziki, rangi za kumeremeta na nyota za kukupongeza, Solo haikufai. Ni ya kijivu, sura yake ni ya programu za ofisini za zamani, na ukimaliza fumbo ubao unametameta kidogo, basi. Mimi ndiyo ninayoicheza kila nikipata nafasi, na sijaona sababu ya kuihama.

Solo ni moja ya michezo iliyomo kwenye Portable Puzzle Collection, mkusanyiko wa Mwingereza Simon Tatham. Mafundi wa mitandao wanamjua zaidi kwa PuTTY, programu ya kuingilia kompyuta za mbali, ndiye huyohuyo. Programu ni ya bure, haina matangazo, haikudai ufungue akaunti, na ikishaingia kwenye kompyuta haigusi bando lako tena. Ipo ya Windows, ipo ya Linux, na asiyetaka kupakua chochote anaicheza ndani ya kivinjari. Kabla yake nilikuwa na programu moja ya simu ambayo siitaji jina: kila fumbo likiisha unalishwa tangazo, na ukikosea mara tatu unatolewa mchezoni. Mtu umekaa kupumzisha akili, unasimamiwa kama mtahiniwa!

Hapa saa haipo kabisa. Vidokezo pia hakuna. Ukishindwa kuna Solve, ambayo inakujazia ubao wote kwa mkupuo. Anayejifunza atalalamika, na ana haki. Ukiweka namba inayogongana na mwenzake kwenye mstari, zinageuka nyekundu. Lakini namba isiyogongana na yoyote, hata kama mahali pake si pale, inaachwa ikae kimya mpaka uje kukwama mbele ya safari. Ndivyo ninavyotaka.

Kilichonishika hasa ni alama za penseli. Ukibofya kisanduku kwa kitufe cha kulia cha kipanya kisha ukaandika namba, inakaa ndogo pembeni, na ukiiandika tena inafutika. Ukibonyeza M, kila kisanduku kitupu kinajazwa alama zote, kazi yako inabaki kupunguza. Tuseme kwenye kile kijumba cha katikati 7 ina nafasi mbili tu, na zote ziko kwenye mstari mmoja wa kulala. Hujui ni ipi, ila 7 ya mstari huo lazima itoke humo. Basi unakwenda kijumba cha kushoto na cha kulia, unafuta 7 zote ndogo za mstari ule. Unakuta kisanduku kilichokuwa na 4 na 7 kimebaki na 4 peke yake. Unaiweka, na nyingine zinaanza kufunguka zenyewe. Kwenye gazeti kufutafuta namna hiyo kungeshatoboa karatasi.

Viwango vinaanzia Trivial hadi Unreasonable, na hicho cha mwisho kimestahili jina lake: kinaweza kukulazimisha ubahatishe, na ukigonga ukuta urudi nyuma. Mimi naishia Extreme. Kubahatisha sioni utamu wake, ingawa najua wapo wanaokufa kwa hilo. Unaweza pia kubadili umbo: Jigsaw inavuruga mipaka ya vijumba, X inaongeza masharti ya mishazari, Killer inakupa jumla ya visanduku kadhaa badala ya namba. Ubao wa 16 kwa 16 upo, wenye herufi baada ya 9, lakini huo unataka kioo kipana na siku ya mapumziko.

Kuna kitu kimoja ambacho mashine haijanipa: mkono wa mtunzi. Howard Garns, msanifu majengo wa Marekani anayetajwa kuwa mtunzi wa mchezo huu, mafumbo yake yalitoka kwenye jarida la Dell mwaka 1979 kwa jina la Number Place. Nikoli, wachapishaji wa mafumbo wa Japani, waliuchukua mwaka 1984, na sifa yao ni kutunga kwa mkono. Ni Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong, aliyeandika programu ya kuzalisha mafumbo na kuyafikisha kwenye gazeti la The Times la London Novemba 2004. Fumbo lililotungwa na mtu mara nyingi lina njia: unahisi kuna aliyekutegea hapa, akakuachia mlango pale. La Solo lina jibu moja tu la uhakika, lakini njia yake inategemea bahati. Mara linaachia lote kwa pupa, mara linakubana mahali ambapo hakuna aliyekusudia ubanwe.

Kinachonifidia ni kwamba kila fumbo lina msimbo wake. Unaunakili kwenye menyu, unamtumia mwenzako kwa WhatsApp, naye akiubandika kwenye Specific anapata ubao uleule. Mdogo wangu yuko Tanga, nami niko Dar, na jioni tunafukuzana kwenye fumbo moja. Kwa kuwa Solo haina saa, wa kwanza kutuma picha ya ubao uliojaa ndiye mshindi. Toleo la Android lipo pia, na ndilo analotumia yeye. Mimi nimebaki na kompyuta kwa sababu ya kibodi: mishale ya kutembea, namba za kuandika, na U ya kurudisha hatua nyuma, bila kidole kuziba kisanduku ninachokitazama.