Taa ndogo za LED kwenye pangaboi la vikombe vitatu: zinaingia, ila jiandae

Hizi taa nimekaa nazo karibu miezi minne sasa kwahiyo naona naweza kuziongelea. Ni zile LED za wati 5 za duara, ndogo kama limao, kitako chembamba cha kuzungusha, E14. Nilinunua tatu Kariakoo, elfu tatu kila moja.

Pangaboi la sebuleni nililikuta kwenye nyumba, lile lenye mabawa ya rangi ya mbao na chini vikombe vitatu vya glasi vimeinama kama kengele. Aliyetoka aliacha balbu za zamani za waya wati 40 mara tatu, yani wati 120 zinawaka kila jioni, na Dar hii ya mwezi wa kumi na mbili ni sawa na kuwasha feni upate upepo halafu chini yake ukaning'iniza jiko. Piga hesabu mwenyewe: masaa sita kwa siku ni kama unit 21 na ushee kwa mwezi, na kwa LUKU yangu, buku unapata unit 2.8, hiyo ni karibu elfu nane ya taa za sebuleni tu. Hizi LED tatu kwa masaa hayohayo hazifiki hata unit tatu.

Kabla ya hizi nilijifanya mjanja nikaweka zile enaji seva za kujisokota nilizokuwa nazo kabatini, na kwakuwa kitako chake ni kikubwa nikanunua na adapta. Aisee. Kile kiuno chake cheupe kinene kiligoma kupita kwenye shingo ya kikombe, nikatoa kikombe nikaifunga kavukavu, ikachomoza chini kama ulimi wa mbwa na feni ikienda kasi inatikisika mpaka mtoto akahama kiti. Nikatoa siku hiyohiyo. Kwahiyo kabla hujaenda dukani chukua rula upime urefu wa ndani ya kikombe na upana wa mdomo wa holda, maana muuzaji atakuuliza tu ya pini au ya kuzungusha, na ukisema ya kuzungusha anakupa E27, yani yenye kitako kikubwa.

Hizi LED zimezama ndani vizuri, hazionekani. Ila kufunga ni kazi, vidole haviingii, inabidi uzime mein switchi, ufungue vile viskrubu vitatu vinavyobana glasi, uweke taa kwanza ndio urudishe kikombe, huku umesimama juu ya stuli na mdogo wako kakushikilia miguu anacheka. Na viskrubu usikaze sana, glasi inapasuka.

Sasa kimbembe. Nimewasha, mwanga safi, nikapunguza feni mpaka namba mbili, taa zote zikaanza kupepesa kama disko la harusi. Nikajua nimeuziwa feki, nikawa nishavaa viatu nirudi Kariakoo. Kumbe aliyefunga lile pangaboi alisokota waya wa taa na wa feni pamoja, vyote vinapita kwenye regyuleta moja, ile ya kupunguza kasi ya feni, balbu za zamani zilikuwa zinafifia tu hakuna anayeshtuka, LED yeye umeme ukikatwakatwa hivyo anapepesa. Fundi akavuta waya wa pili, taa ikapata swichi yake, 15,000 ikaenda, na tangu hapo kimya. Kwahiyo hapo taa siilaumu.

Ninachoilaumu ni viwili. Kwanza mtikisiko wa feni unazilegeza, kila baada ya wiki kadhaa moja inaanza kuwaka na kuzima mpaka upande uikaze, za pini zisingenisumbua hivi. Pili joto, maana taa imeinama na lile joto linapanda kwenye kitako ambako ndiko vifaa vyake vya umeme vilipo, na kikombe kimebana, moja ikafa ikiwa kwenye mwezi wake wa tatu. Warantii? Risiti yenyewe sikupewa.

Mwanga uko sawa na zile wati 40, hapo sina neno, na zangu ni za njano sebule inapendeza. Tatizo nilivyorudi kununua ya kuziba pengo nikakuta zimebaki nyeupe tupu, nikachukua hivyohivyo. Mama alivyokuja Jumapili akaangalia juu muda mrefu halafu akauliza hiyo moja nimeitoa zahanati gani.