Green Man+ ya Singapore: Sekunde Chache Zinazomfaa Mzee

Kati ya huduma za miji mikubwa zinazowalenga wazee, Green Man+ ya Singapore, iliyoanza mwaka 2009, naiona kuwa miongoni mwa zilizobuniwa kwa busara zaidi. Mzee wa miaka 60 au zaidi hugusisha kadi yake ya nauli nafuu kwenye kifaa kilichofungwa juu ya kitufe cha kivuko, na taa ya kijani ya waenda kwa miguu huongezewa sekunde 3 hadi 13 kulingana na upana wa barabara. Kwa kuwa muda huo huongezwa pale tu unapohitajika, madereva hawacheleweshwi siku nzima, naye mzee halazimiki kukimbia huku magoti yakimuuma, jambo ambalo ni hatari kubwa, maana anayeharakishwa ndiye huanguka. Kadi ni ile ile ya basi na treni.

Kasoro ninayoiona ni kwamba asiye na kadi mkononi, awe mgeni au mzee aliyeisahau nyumbani, hupewa muda wa kawaida tu. Ningependa vivuko vilivyo karibu na hospitali na masoko viwe na muda mrefu kwa kila mtu.