Mafuta ya ufuta ya kukamua, soko la Lindi: nyota 4 kwa mafuta, 2 kwa chupa

Ufuta uko nyumbani Lindi, na mafuta haya yanayouzwa kwenye chupa za maji yana harufu nzito ya ufuta wenyewe. Kiafya yanastahili sifa: mafuta ya aina inayoganda ni takriban asilimia 14 tu, ilhali ya nazi yanapita 80. Ila kijiko kimoja cha chakula bado kina kalori kama 120, sawa na mafuta yoyote. Vijiko viwili vinatosha sufuria ya kisamvu ya watu wanne. Na usiyaondoe kabisa, maana bila mafuta mwili haufyonzi vizuri vitamini A ya majani hayo.

Kasoro ni chupa. Plastiki angavu ikianikwa juani mezani kwa muuzaji, mafuta huchacha. Omba tone, sugua kiganjani, unuse: yakinuka kama rangi ya ukutani, mrudishie. Machicha yaliyotuama chini nayo huungua upesi na kutia chakula uchungu, basi iache chupa itulie siku mbili, umimine taratibu kupitia kitambaa safi. Kukaangia samaki kwa moto mkali? Hapana, yatafuka moshi.