Kiti mwendo cha mtoto: kipi ununue ukiwa Mtwara au Lindi

Binti yangu alizaliwa na mgongo wazi. Kiti mwendo chake cha kwanza tulikinunua msimu wa korosho, hela zikiwa mkononi, naye ana miaka sita. Nilichagua kikubwa kidogo ili akikulie, kama tunavyofanya na sare za shule. Alikaa ameegemea upande mmoja, viwiko vimepanda juu, mikono haiyafikii magurudumu vizuri. Baada ya miezi mitatu tulimkuta na kidonda kwenye kalio, na yeye hakukisikia, maana mgongo wazi umemwondolea hisia sehemu hiyo. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kuulizia bei tafuta futi ya fundi cherehani.

Mkalishe mtoto kwenye benchi gumu, mgongo umenyooka, nyayo zimekanyaga kitu. Pima nyonga pale zilipopanuka zaidi. Upana wa kiti uwe huohuo, ukizidi uzidi kwa sentimita 2 au 3, basi. Pima tena kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, utoe sentimita 3 hadi 6: hicho ndicho kina cha kiti. Kisha pima kutoka nyuma ya goti hadi chini ya kisigino akiwa na viatu, utoe unene wa mto atakaokalia, upate urefu wa kufika kwenye vikanyagio. Nafasi ya kukua itafute kwenye vikanyagio vinavyoshuka na egemeo linalosogea nyuma. Usiitafute kwenye upana.

Kuna swali moja linalotangulia yote: je, mtoto anakaa mwenyewe bila kushikwa? Kama ana mtindio wa ubongo na shingo au kiwiliwili hakijakaza, viti vya kukalia kitambaa nitakavyovieleza hapa chini havimfai. Anahitaji kiti chenye tegemeo la kichwa na la ubavuni, kinachorekebishwa na mtaalamu akimwangalia. Anza na mtaalamu wa fiziotherapia kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, mfano Ligula ya Mtwara. Wanaofika Dar es Salaam wanaweza kwenda hospitali ya CCBRT.

Kwa mtoto anayekaa mwenyewe, mimi naweka mbele kiti cha alumini kinachokunjwa, saizi ya mtoto, chenye tairi za upepo nyuma. Vingi vina kilo 10 hadi 13, wakati vya chuma hupita 15 bila shida. Tofauti hiyo utaijua siku unayompandisha mtoto kwenye basi la Masasi, yeye mgongoni, kiti mkononi. Chagua chenye magurudumu ya nyuma yanayochomoka kwa kubonyeza kitufe, maana hapo kinaingia hata nyuma ya bajaji. Kilo zilizoandikwa kwenye karatasi mara nyingi hazihesabu magurudumu wala vikanyagio, kwa hiyo omba kipimwe kwenye mizani kikiwa kamili. Udhaifu wake ni kwamba fremu ikipasuka, fundi wa kuchomelea mageti hataiweza alumini. Angalia mno maungio ya vyuma vilivyopishana chini ya kiti.

Kinachofuata ni cha magurudumu matatu, kile chenye gurudumu moja lililotangulia mbali mbele. Hakikunjiki vizuri na ndani ya nyumba ndogo kinasumbua kugeuza. Lakini kama unaishi kijijini Tandahimba au kwenye mchanga wa pwani, na mtoto anakwenda shule akijisukuma mwenyewe, kipandishe kiwe cha kwanza. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha kawaida, yale ya inchi 5, huzama mchangani na mtoto huanguka kifudifudi. Ukilazimika kununua cha magurudumu manne, tafuta ya mbele yenye inchi 7 au 8, mapana. Na kwenye mchanga mzito kivute kinyumenyume.

Cha chuma kinachokunjwa, saizi ya mtoto, nakiweka cha tatu. Kizito, na hewa ya chumvi ya Mikindani au Kilwa hukila kwa kutu, ila kinachomeleka popote. Cha mwisho kabisa ni kiti cha mtu mzima, hata ukipewa bure. Najua kukataa msaada kunauma. Lakini kidonda cha binti yangu kilichukua miezi kupona.

Tairi zina mtego wake. Viti vingi vya inchi 24 vimeandikwa 24 x 1 3/8, au 37-540. Tairi ya baiskeli ya mlimani nayo ni inchi 24, lakini namba yake ya mwisho ni 507, si 540, na haziingiliani. Soma namba ubavuni, mpelekee fundi baiskeli wako kabla hujalipa, umuulize anaipata wapi. Breki za viti hivi hubana tairi lenyewe, kwa hiyo upepo ukipungua breki hazishiki.

Kiti kikifika, mkalishe juu ya mto wa sponji ngumu. Kitambaa peke yake hubonyea na kukusanya mapaja. Mikono ikining'inia, ncha za vidole zifike usawa wa kitovu cha gurudumu la nyuma. Akishika juu ya gurudumu, kiwiko kikunjike nyuzi 90 hadi 120. Mkanda upite nyongani, usipite tumboni. Kisha ingiza vidole vyako, kiganja kikiangalia juu, chini ya mfupa wa kalio, kati yake na mto, upande mmoja baada ya mwingine. Vidole vikicheza juu na chini kidogo, vizuri. Vikitoka lakini havichezi, mto ubadilishwe. Vikibanwa kabisa, asikalie kiti hicho.

Sisi tunampima upya kila likizo ya Juni na Desemba, na kila usiku tunamkagua ngozi kwa tochi. Juni iliyopita nyonga zilikuwa zimeongezeka sentimita moja, na miguu imerefuka. Tukashusha vikanyagio tundu moja, tukapaka beringi greisi, akatoka kucheza.